Lumbesa

Saa kumi na moja alfajiri, Uyole.
Ukungu bado umelalia mabati,
fuso kutoka Kitulo linateremsha viazi
vyenye udongo mweusi na baridi ya huko juu.
Mimi ndiye Tusekile wa meza ya tatu.
Gunia silipimi, nalitazama tu,
najua lipi limeshonewa kilemba:
lumbesa, kilo mia na thelathini
kwa bei ya mia.

Ambokile mpakiaji ndiye aliyeanza.
"Dada Tuse, siku hizi na wewe umefunga lumbesa."
Wakacheka. Nami nikacheka,
jina langu lenyewe, kwetu, ni tumecheka.

Akina mama wa kanisani wakasema nimenawiri.
Walewale, baada ya ibada, macho tumboni:
"Miezi mingapi?"
Hakuna mwezi.
Hata ule wa kila mwezi
sikuuona tangu Pasaka.

Nikajaribu njaa.
Wiki tatu za chai ya rangi na matango;
kilichopungua ni subira peke yake.
Na kila asubuhi, kabla hajaamka mtu,
kibano, kioo, kidevu:
nywele tatu, kisha saba, kisha nikaacha kuhesabu,
nikajitanda mtandio,
nikasingizia baridi.
Mbeya ina wema huo, baridi haikosi kusingiziwa.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye mafua.
Akachora mlango nyuma ya karatasi ya vipimo.
Insulini, akasema, ni mgeni anayebisha hodi
sukari ikiwa mkononi.
Kwako wenye nyumba hawasikii.
Basi anatumwa wa pili, wa tatu,
wanabisha kwa ngumi,
sukari inalala barazani,
nyingine inageuka mafuta, inahamia kiunoni,
na kelele zile zinazitibua ovari,
zinamwaga homoni za kiume kupita kiasi.

Kwenye picha nikayaona mayai yangu,
madogomadogo, yamejibanza ukingoni
kama viazi vya mwisho wa tuta,
vile tunavyowaachia watoto waokote.

"Kwa hiyo si ulafi?"
Akaacha kuandika. "Nani kakwambia ni ulafi?"
Nilitaka kutaja majina.
Karatasi isingetosha.

Jumamosi nikashuka Tukuyu.
Mama akanipakulia ndizi,
sahani imekuwa mlima Rungwe, na mawingu yake.
Kwa mama yangu hukatai chakula,
unakataa mkono.
Nikasema: Mama, nianzie maharage, na mboga nyingi,
ndizi mbili tu, zisindikize.
Akaweka upawa chini.
"Nani amekufa?"
Hakuna, mama.
Nikamchorea mlango kwa kijiti cha mkaa
sakafuni, karibu na mafiga.
Akautazama mpaka ndizi zikapoa.
Kisha, taratibu: "Shangazi yako Sekela
naye alikuwa na ndevu.
Tulimcheka."
Akapunguza sahani mwenyewe, bila kunitazama.

Sasa ni Novemba.
Jioni naiacha bajaji, napanda kilima kwa miguu.
Kilo nne zimetoka, moja imerudi,
sijaifukuza.
Viazi nauza, navila pia, vichache,
na maharage yasikosekane.
Kibano bado kipo chini ya mto.

Juzi usiku kiuno kilinikaza,
nikaketi gizani, nikaogopa.
Kumbe ni yeye,
amerudi kama mdaiwa baada ya miezi saba,
bila salamu, na nusu ya deni.
Nikampokea.
Nilifua shuka usiku uleule, naimba kwa pua.

Asubuhi Ambokile akapita na mzigo begani.
"Lumbesa, umeamkaje?"
Nikamwambia tua.
Nikalipandisha gunia lake kwenye mizani,
nikausoma mshale kwa sauti, meza zote zikasikia:
mia moja thelathini na mbili.
Na hili, Ambokile, nalo ni lafi?
Gunia halijishonei kilemba.